Matundu Chini ya Paa

Ukifika Gesima leo useme umekuja kuona trekta ya stima, hutaonyeshwa trekta kwanza. Utazungushwa nyuma ya banda, utaambiwa uinue kichwa, nawe utaona matundu ukutani. Hayana maajabu yoyote. Yako juu kabisa, chini ya mabati, yamezungushiwa saruji na kuwekewa wavu wa kuzuia panya. Lakini anayekuonyesha atajitanua kifua kama mtu ambaye mwanawe ameongoza darasa, kisha atakwambia, "Hizi ndizo zile za Mong'ina."

Huyo Ruth Mong'ina ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye kishamba cha chai na migomba pembeni, na sauti ambayo majirani husema haihitaji simu. Ni shemasi wa kanisa la Wasabato. Ni dereva wa trekta. Tena ni mbishi, na anayekwambia kwamba si mbishi hajawahi kumkatalia jambo. Ameolewa na Obwocha, fundi wa nyumba, mtu wa maneno machache, na pengine Mungu aliwapanga hivyo makusudi ili nyumba ile isipasuke.

Ubishi wenyewe ulianzia Magwagwa, alikozaliwa. Enzi hizo nyaya za stima zilipita juu ya vichwa vya watu bila kushuka kwa yeyote. Babake, mzee Omosa, alikuwa na kibanda sokoni na jenereta ya kelele, na watu walimletea betri za magari, kwa baiskeli na kwa vichwa, azitie chaji wakasikilize redio na kutazama runinga. Asubuhi moja, kabla Mong'ina hajazaliwa, Omosa alifungua kibanda ambamo betri zilikuwa zimechemka usiku kucha. Ndani mlikuwa na giza. Akaiinamia mojawapo, akawasha kiberiti aone maji yamefika wapi. Betri ikalia kama bunduki. Asidi ikamwingia jicho la kushoto, na jicho likaondoka.

Kwa hiyo Mong'ina hakuwahi kumjua babake mwenye macho mawili. Tangu alipojua kutembea, kazi yake ilikuwa kukaa upande wa kushoto wa mzee na kumwambia: hapa kuna jiwe, hapa kuna mbuzi, pale kuna mtu anakusalimia. Omosa naye hakulificha lile jicho. Kila mtoto aliyechungulia kibandani aliitwa, akainamiwa, akaonyeshwa ule weupe. "Hii ni kiberiti moja tu," alisema. Kisha alieleza kwamba betri ikinywa stima hutoa pumzi, na pumzi yake haionekani wala hainuki, lakini ikikutana na cheche ni mbaya kuliko petroli. Ni nyepesi, hupanda juu. Ukiifungulia njia itakwenda zake bila kukudhuru. Mong'ina aliyasikia hayo hata kabla hajajua kusoma.

Miaka ikapita, stima ikashuka kutoka kwenye nyaya ikaingia nyumba za watu, na Gesima pia. Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo wakulima wa chai walifanya kikundi, na kikundi kikapata trekta ndogo inayotumia betri, ya kuvuta majani kutoka mashambani hadi kituoni. Haikuwa na moshi wala kelele. Ilikwenda kimya hata kuku walichukua muda kujifunza kuikimbia. Kampuni ilimtuma binti mmoja, fundi Sheila, kuwafundisha wanachama. Aliwaambia wavue pete, saa na bangili kabla ya kugusa betri, maana chuma kikiunganisha vichwa viwili vya betri kitawaka na kidole ndani yake. Wanachama wakacheka kwa furaha. Wengi wao walikuwa Wasabato, na pete na bangili hawavai, wakaona wameshapita mtihani kabla haujaanza. Mong'ina hakucheka, aliendelea kuuliza maswali. Aliuliza mengi hata Sheila akamkabidhi funguo za trekta palepale, naye Makori, mwenyekiti wa kikundi na mzee wa kanisa, akaridhia. Kuanzia siku hiyo ukiona trekta ikikata kona za Gesima na magunia ya majani mabichi nyuma, aliyeketi mbele, leso kichwani na mgongo wima, alikuwa Mong'ina.

Banda la trekta walilijenga kwa risaga, ule ujirani wa zamani wa Abagusii wa kufanya kazi ya mmoja kwa mikono ya wengi. Hapo ndipo mapenzi yalipozidi akili. Gesima ni baridi, na betri zilikuwa mali ya kutamanisha wezi. Basi wakaijengea trekta nyumba kama ya mtu. Obwocha ndiye aliyesimamia kukandika. Alikandika udongo mpaka kwenye mabati, akaziba kila upenyo, akasiriba juu yake, kisha akapitisha kiganja ukutani na kusema neno lake moja la siku hiyo: "Hata sisimizi."

"Hapa juu wacheni mashimo," Mong'ina akasema. "Betri inapumua. Hata Sheila alisema."

"Moka Obwocha," Makori akamjibu, maana mke wa mtu huko huitwa kwa jina la mumewe, "hiyo mashimo unataka ni ya mwizi kuingilia?"

Watu wakaangua kicheko. Mong'ina akamtazama mumewe, na Obwocha akautazama ukuta wake, ukuta mzuri kuliko wote aliowahi kukandika. "Nitoboe kazi yangu?" akauliza polepole. Ilikuwa mara chache sana Mong'ina kushindwa, na siku hiyo alishindwa na uso wa mumewe. Ila aliweka sheria yake mwenyewe: trekta ikiwa kwenye stima, mlango uwe wazi na yeye awe karibu. Radi ilipounguza chaja ya kwanza, ile iliyojizima betri zikijaa, na nyingine ikanunuliwa mjini, chaja sahili isiyojua kushiba, sheria ikazidi kuwa kali. Plagi aliichomoa yeye, kila mara, kwa mkono wake.

Ijumaa moja ya msimu wa mvua, majani yalikuwa mengi kupita kiasi. Kesho yake ilikuwa Sabato ya meza ya Bwana, na mkate usiotiwa chachu huokwa na mashemasi. Mong'ina akamwachia Makori trekta alasiri, akaenda kuoka. Makori alivuta mzigo wa mwisho, akaliona jua linaelekea kutua, akaingiwa na haraka ya kila Msabato saa hiyo: kuoga, kupiga kiatu rangi, Sabato isimkute barabarani. Akaichomeka trekta kwenye stima. Akafunga mlango, akatia kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake na moyo mweupe. Alikuwa ameihudumia kama ng'ombe anayelishwa kabla ya kulala.

Kwenye kanisa lile, kabla ya mkate kumegwa, watu hutawadhana miguu, wanawake upande wao na wanaume upande wao, kila mtu na mwenzake. Mong'ina, katika gauni lake jeupe la ushemasi, alipiga magoti mbele ya Mama Ochoki, mkewe Makori. Akamwosha mguu wa kulia, akaufuta kwa taulo. Na kwa kuwa wanawake wawili na beseni hawawezi kukaa kimya kabisa, hata kanisani, Mama Ochoki akanong'ona.

"Jana mzee amefika nyumbani jua bado iko juu. Nimeshangaa. Anasema ameacha trekta kwa stima, kesho mtaipata imeshiba mpaka kwa shingo."

Mkono wa Mong'ina ukasimama majini. "Amefunga mlango?"

"Na kufuli."

"Na Ogoti ako wapi?"

"Si ako kazi? Na hii baridi, lazima amekumbatia jiko yake."

Ogoti alikuwa mlinzi wa banda. Wasabato walimwajiri kwa sababu alikuwa Mkatoliki: Jumamosi wao wakiwa kanisani, yeye hana shughuli. Mvua ikaanza kupiga mabati ya kanisa, na Mong'ina akajua, kama aliyekuwa pale anaona kwa macho, kwamba Ogoti sasa hivi anavuta jiko lake la makaa kulileta chini ya upenu, mlangoni kabisa mwa banda. Kumpigia simu hakungesaidia. Ogoti humpa dereva simu yake kila Ijumaa akaichaji bandani.

Akasimama, akaacha mguu wa kushoto wa Mama Ochoki ukiwa mkavu, akaingia upande wa wanaume. Minong'ono ikapanda. Makori alikuwa ameketi, suruali imekunjwa, miguu ndani ya beseni.

"Dada Ruth, hapa ni upande ya wanaume."

"Nipe ufunguo ya banda. Trekta iko kwa stima tangu jana na mlango umefungwa."

"Leo ni Sabato. Kuguza mashine ni kazi. Hata wewe ni shemasi, watu wanakuangalia." Makori hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayemzuia dadake asianguke. "Jua ikizama nitaenda mwenyewe na taa ya mafuta, nione."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mong'ina alisikia "na taa" akaona kiberiti cha babake. Alijua vizuri alichokuwa anakiweka rehani: gauni lile jeupe alilivaa kwa miaka mingi, na katika nyumba ya Obwocha halikuwapo vazi lililomtia fahari zaidi. Shemasi aliyevunja Sabato mbele ya meza ya Bwana hasahauliki upesi. Lakini Ogoti alikuwa na watoto wadogo na alipenda chai yake iwe moto. Mong'ina akageuka, akatoka, na mbele ya kanisa zima akaanza kukimbia kwenye mvua.

Alikata katikati ya michai, tope jekundu likimrukia mpaka kiunoni. Alipofika, Ogoti alikuwa ameegemea mlango wa banda, ananyoosha shingo kupuliza makaa.

"Karibu chai, Moka Obwocha! Leo kanisa imeisha mapema?"

Mong'ina alikamata jiko kwa mikono yote miwili, moto wake ukimchoma viganja, akakimbia nalo mteremkoni, akalitupa mtaroni penye maji ya mvua. Jiko likatoa mvuke na kufa. Ogoti akabaki na sufuria mkononi, mdomo wazi.

"Toka hapo mlangoni! Kuja huku!"

Swichi kuu ilikuwa kwenye sanduku nje, ukutani mwa kituo cha chai, mbali na banda. Aliizima hiyo kwanza. Ndipo akarudi taratibu, akaweka sikio ukutani. Ndani betri zilikuwa bado zinatokota kama uji, na kwenye ufa wa mlango palitoka harufu ya yai viza, ya betri zilizopikwa kupita kiasi. Ogoti akaokota jembe.

"Wacha chuma! Ikigonga jiwe itatoa cheche."

Akatupa macho migombani. Palikuwa na mkungu mkubwa ulioegemezwa kwa mti mrefu usianguke. Akaung'oa ule mti, mkungu ukaanguka chini puu, akaja nao kama mkuki, akapanda juu ya kreti na kuanza kupiga ukuta chini kabisa ya mabati. Udongo haukukubali. Obwocha alikuwa amekandika kwa nia. Mong'ina alimlaani mumewe na kumsifu kwa pumzi moja, akapiga tena, na tena, mpaka mti ukazama ndani na pumzi ya joto ikamtokea usoni. Akahamia pembeni, akatoboa lingine. Ogoti naye akaleta mti wake, akapiga upande wa pili, na katikati ya kupiga akauliza, kwa udadisi tu:

"Sasa nyinyi wote mmeenda kupumzika, na trekta ndio mmeacha kazini?"

Mong'ina alisimama kidogo, akamtazama, kisha akaendelea kupiga.

Kanisa likafika. Mbele yao alikuwa Makori, miguu mitupu, suruali bado imekunjwa, ufunguo mkononi. Alipoliona jiko mtaroni alielewa, na rangi ikamtoka.

"Nifungue?"

"Bado. Wacha ipumue. Simameni mbali."

Wakasimama mbali, mwenyekiti na mzee wa kanisa na wanakwaya, wakinyeshewa kwa utiifu. Mvua ilipopungua Mong'ina akachukua ufunguo, akasimama kando ya mlango, akafungua. Betri moja ilikuwa imevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani yenye umande. Maji yalikuwa yamekauka ndani ya nyingi. Juu ya kiti cha trekta, salama salimini, ilikaa simu ya Ogoti, chaji imejaa.

Wengine wakamshukuru Mungu kwa sauti. Mama mmoja akalia. Obwocha peke yake aliutazama ukuta. Alikwenda mpaka karibu, akatazama matundu yaliyopasuka ovyo, udongo uliomomonyoka, kisha akamtazama mkewe aliyekuwa tope toka nywele hadi ukucha.

"Umetoboa vibaya," akasema.

Jumatatu alikuja na saruji na wavu. Alikichonga kila kitundu, akakilainisha ukingo, akaongeza vingine karibu na sakafu ili hewa safi ipate pa kuingilia. Ogoti alipomuuliza mbona anajisumbua hivyo, alijibu kwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa: "Kazi ya bibi yangu siwezi acha ikae vibaya hivi."

Lakini Jumapili, siku moja kabla ya hiyo saruji, baraza la kanisa lilikuwa limekaa. Wapo waliosema, kwa maneno ya Yesu, kwamba ng'ombe ametumbukia shimoni na lazima atolewe, hata kama ni Sabato. Wapo waliosema ukuta kuvunjwa kwa miti mchana wa Sabato ni kazi, na shemasi ni kioo. Wakamwita Mong'ina, wakamuuliza kwa upole kama yuko tayari kutubu ili jambo liishe.

"Nikitubu nitakuwa nimedanganya," akasema. "Na mimi sikuvunja Sabato. Sisi sote tulikuja kupumzika, lakini kuna mmoja wetu tulimfungia ndani afanye kazi usiku na mchana. Mimi nilienda kumpumzisha. Mkitaka kujua nani amenifundisha hiyo, ni Ogoti."

Makori aliinamisha uso. Wazee hawakupatana. Wakaamua jambo lingoje, na mpaka hapo asivae nyeupe. Ilimuuma. Msidhani mbishi haumwi. Alilifua lile gauni, na asidi iliyokuwa imemdondokea siku ile alipoinua ile betri iliyovimba ikawa imelitoboa mbele, vijitundu vidogo vingi, akalikunja akaliweka chini kabisa ya sanduku.

Habari zilikwenda Magwagwa, na mzee Omosa akaja na fimbo yake. Mong'ina akamshika mkono, akakaa upande wa kushoto kama zamani, akamwambia hapa kuna mtaro, hapa kuna jiwe, mpaka nyuma ya banda. Mzee aliinua jicho lake moja akatazama matundu, hana haraka, kisha akainua fimbo akaingiza ncha yake katika mojawapo, akaizungusha polepole.

"Laiti ungewahi kuzaliwa kabla ya kile kiberiti, mwanangu," akasema.

Mong'ina alibaki upande wake wa kushoto, ambako mzee hangeweza kumwona, na machozi yake akayaacha yatiririke.

Wakati huo wageni walikuwa wameanza kuja. Kikundi kimoja kilitoka Marani, trekta yao ya betri ikiwa bado haijafika, wakauliza banda bora hujengwaje, na waliokuwa wamecheka siku ya risaga ndio waliotangulia mbele kueleza kwamba pumzi ya betri ni nyepesi, hupanda juu. Siku ya Ijumaa sasa, plagi huchomolewa kabla viatu havijapigwa rangi, na Makori ndiye huuliza, kwa sauti, mbele ya wote, kama trekta nayo imeingia Sabato.

Robo ya mwaka ikaisha, meza ya Bwana ikarudi. Mong'ina alikaa kiti cha nyuma, gauni la buluu. Wanawake wakajigawa wawili wawili, mabeseni yakapita, na upande wake hakuna aliyekuja. Alijisemea kwamba haidhuru, na alikuwa anajidanganya.

Ndipo vicheko vidogo vikasikika upande wa wanawake. Mtu mzima alikuwa amevuka mpaka. Alikuwa Makori, mzee wa kanisa, kabeba beseni la maji kwa mikono miwili, anatembea polepole yasimwagike.

"Mzee, hapa ni upande ya wanawake," mmoja akamwambia.

"Najua," akasema, akaendelea mpaka nyuma. Akaliweka beseni sakafuni. Nyuma yake alikuwa Mama Ochoki, kiatu kimoja tu ndicho amevua, cha kushoto.

"Shemasi," Makori akasema, na kanisa zima likamsikia, "mguu wa mke wangu uko mmoja bado."

Mong'ina akafunga taulo kiunoni, akapiga magoti.